Maganda Kutoka Murchison

Tuatapere, 11 Februari 1981

Anko Athol,

Salamu kutoka huku kusini, ambako kiangazi kimetupita kando bila kusimama. Natumaini kifua chako kinaendelea vizuri na kwamba hewa ya Murchison inakufaa kuliko ubichi wetu huu.

Nimenunua bunduki. Usicheke. Ni ya risasi za mbili-sabini kama ile ya baba, si mpya, mwenyewe ameacha kuwinda kwa sababu ya macho. Tangu mto upande ukabomoa banda la kaka Gavin na kuondoka na bunduki ya baba, sijakanyaga msituni. Nilijaribu kuazima ya mtu, nikajiona kama nimevaa viatu vya marehemu nisiyemjua. Unakumbuka siku ya mazishi ya baba tulivyokaa jikoni, wewe na mimi, roli za jibini zikipoa kwenye sahani? Nilikuwa nalilia bunduki kuliko nilivyomlilia mtu, na nikaona aibu. Ukanishika mkono ukasema, "Mto hauna adabu, Eppie." Neno lile limenisaidia sana.

Sasa kulungu madume wanakaribia kuanza kunguruma wakitafuta majike, na mwaka huu nitakwenda, hata peke yangu. Nimefungua banda la baba. Mashine ya kubania maganda ya risasi ipo palepale imekazwa mezani, na kalibu yake ya chuma, na kopo la kakao limejaa maganda matupu. Baba alinifundisha kunyatia, kupiga, kuchuna na kubeba, ila kwenye ile meza hakunisogeza. "Pana baruti hapo, kaa mbali," ndiyo ilikuwa kauli yake. Kwa hiyo najua kufyatua risasi na sijui kuijaza.

Nilidhani nitaanza na maganda yake. Nikachukua moja, tupu kabisa, nikaliingiza kwenye bunduki yangu kujaribu tu. Likaingia nusu na robo, halafu bolti, lile komeo la nyuma, ikagoma kufunga. La pili vilevile. Bunduki ni za aina moja, risasi ni za aina moja, ganda linakataaje? Nimemuuliza Gavin kwenye simu, akasema, "Mimi nauza bima, Eppie. Niulize kuhusu moto." Ndiyo sababu nakuandikia wewe, mwenzake baba wa msituni, uliyekuwa ukikaa naye kwenye meza ile.

Nianzie wapi?

Wako,
Eppie


Murchison, 20 Februari 1981

Eppie mwanangu,

Barua yako imenifurahisha na kunitisha kidogo. Peke yako, msituni Hauroko, na matope yale? Lakini wewe kichwa chako kigumu tangu una meno ya utoto, sitapoteza wino.

Sikiliza. Ganda la risasi limeumbwa kama mtu asiye na kichwa. Lina kitako, lina kiwiliwili, lina mabega na shingo. Ukifyatua, moto wa baruti unalivimbisha mpaka linabana kuta za chemba, yaani kile chumba linamokaa ndani ya bunduki. Likipoa linalegea kidogo tu, likapata kutoka, lakini halirudi lilivyokuwa. Limekwisha chukua umbo la chumba kile. Na hakuna chemba mbili zilizochongwa sawasawa, hata zitoke kiwanda kimoja siku moja. Maganda ya baba yako yanaikataa bunduki yako kwa sababu yalishonewa mwili mwingine.

Kazi ya kalibu ni kulibana ganda lirudi kwenye kipimo cha kiwandani. Wapo wanaobana shingo tu, maana ganda litarudi kwenye bunduki ileile, na baba yako alikuwa mmoja wao. Wewe bana lote, kuanzia shingo mpaka karibu na kitako.

Lipanguse masizi kwanza. Mafuta paka kidogo mno, kwa ncha za vidole, kwenye kiwiliwili tu. Begani usiguse. Mafuta yakikusanyika begani hayana pa kutokea, yatalibonyeza ganda lifanye vishimo. Na usipopaka kabisa, litakwama ndani ya kalibu na utatukana kwa lugha usiyoijua. Mkono wa mashine ushushe taratibu mpaka mwisho. Sindano ya katikati itaisukuma nje ile fataki ndogo ya kitakoni iliyokwisha lipuka. Kisha upandishe taratibu. Ukimaliza, jaribu ganda kwenye bunduki yako. Bolti inatakiwa ifunge kwa vidole viwili. Baruti usiiguse bado. Siku yake ikifika utafuata kitabu cha vipimo neno kwa neno, na kitabu kile hakuna anayebishana nacho.

Yale ya baba yako yaache kwenye kopo, yamechoka. Nakutumia mfuko wa maganda yangu ujifunzie. Ukiyaharibu hakuna msiba.

Anko Athol


Tuatapere, 3 Machi 1981

Anko Athol,

Mfuko umefika, ahsante. Kumbe lugha ile ya matusi niliijua vizuri.

Ganda la kwanza lilikwama. Niliogopa vile vishimo vya begani, nikapaka mafuta kama mtu anayepaka siagi ya kukopa. Mkono wa mashine ukashuka, ukakataa kupanda. Nikaning'inia. Meza ikanyanyuka, ganda halikutoka. Ikabidi nimpelekee kalibu Murray, fundi wa karakana yetu ya mabasi. Akatoboa kitako cha ganda, akaingiza skrubu, akavuta. "Hili jino la nani?" akaniuliza. Kesho yake watoto wote kwenye basi wakajua kwamba dereva wao ameng'olewa jino la bunduki.

La pili nilipaka mno, likatoka na vishimo begani kama uso wa mwenye ndui. La tatu zuri. Anko, ile raha. Mkono unashuka, unasikia shaba inakubali. Nikaliingiza kwenye bunduki, bolti ikafunga kwa vidole viwili kama ulivyosema. Nilikaa pale mpaka nimemaliza mfuko wako wote.

Nilipoyapangusa mafuta ndipo nikaona. Kila ganda lina mkwaruzo mwembamba kama unywele, umenyooka kutoka karibu na kitako mpaka begani. Yote. Kabla sijayabana sikuona kitu, ila yalikuwa na masizi na mimi sikuyakagua. Nimefanya nini? Au lile ganda lililokwama limeikwaruza kalibu ndani?

Eppie


Murchison, 10 Machi 1981

Eppie mwanangu,

Usijilaumu sana. Ndivyo ulivyosema, ni kalibu. Ganda linapokwama huacha chembe za shaba ndani, au fundi wako wa mabasi amemwaga vumbi la chuma alipokuwa akitoboa. Chembe moja ikibaki inachora kila ganda linalopita. Ifungue yote, ioshe kwa mafuta ya taa, ipanguse kwa kitambaa laini. Tena uwe na mkono mwepesi. Mikono yako imezoea usukani, na hii ni kazi ya vidole. Itakujia.

Hayo yaliyokwaruzwa yatupe tu. Huku mvua. Kulungu mmoja ameanza kunguruma jirani na nyumba, mjinga, kabla ya wakati.

Anko Athol


Tuatapere, 18 Machi 1981

Anko Athol,

Nimeiosha kwa mafuta ya taa. Nimeiosha kwa maji ya sabuni. Nimeichemsha kwenye sufuria ya kupikia mizizi ya rutabaga, nikaikausha, nikaipitisha kitambaa mpaka kidole kikauma. Nimebana tena baadhi ya yale maganda yako na mkwaruzo uko palepale. Sikuyatupa, nisamehe, naona vibaya kutupa kitu ulichonipa. Murray anaapa kwamba aliifunika kalibu kwa tambara alipokuwa akitoboa, nami nimemjibu maneno ambayo inabidi nimwombe radhi.

Nitakwambia ukweli, nimeanza kuiogopa mikono yangu. Nawaza: kama siwezi hata kulibana ganda tupu bila kuliharibu, siku ya baruti itakuwaje? Huenda baba aliona kitu kwangu, ndiyo maana hakunisogeza pale.

Lakini jana limetokea jambo lililonichekesha. Nilimwaga kopo la kakao mezani nikayapangusa maganda ya baba moja moja. Nayo yana mkwaruzo uleule, mahali palepale. Kumbe kalibu hii ilikuwa na ubovu tangu zamani, na mzee alikaa nao miaka yote bila kuuona, au aliuona akanyamaza. Nilimwambia pale mezani, "Nawe pia, mzee?" Nikajisikia kama tumekaa pamoja.

Jumamosi ya wiki ijayo naipeleka Invercargill kwa yule mama mwenye duka la bunduki, aiangalie ndani kwa lenzi yake. Nikijua ubovu uko wapi moyo utatulia.

Eppie


Murchison, 23 Machi 1981

Eppie,

Naandika haraka niiwahi posta. Usijisumbue kwenda mjini. Wenye maduka watakuambia lolote ili wakuuzie kingine. Nimekuagizia kalibu mpya, zawadi yangu, itafika wiki hii. Hiyo ya zamani tupa. Maganda yote yenye mkwaruzo tupa pia, yangu na ya baba yako; shaba iliyokwaruzwa si ya kuamini. Mwaka huu nenda msituni na risasi za dukani, ufurahie, haya mengine tutayafanya nikija huko wakati wa baridi, tukae mezani wote wawili.

Fanya kama ninavyokuambia, mwanangu.

Athol


Tuatapere, 30 Machi 1981

Gavin,

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu una mdomo wa bima. Nataka jibu la maandishi.

Jumamosi nilikuwa mjini kwenu, sikupita nyumbani. Nilikwenda kwa Bi. Stirrat wa duka la bunduki na kalibu ya baba, maganda kutoka kopo la baba na maganda aliyonitumia Anko Athol. Aliishika kalibu kwenye mwanga, akatazama ndani kwa lenzi, akairudisha mezani. "Safi kuliko sahani zangu," akasema. "Nani amekuambia ni chafu?"

Nikamwonyesha mikwaruzo. Akaligeuza ganda kidogo tu. "Huu haukufanywa na kalibu. Kuna jino dogo la chuma kwenye mdomo wa chemba. Kila ganda likivutwa kutoka, linakwaruzwa." Akaweka ganda la baba na ganda la Anko Athol sambamba chini ya lenzi, akanisogezea nitazame. Upana uleule, na katikati ya mstari kuna kijistari cha pili kinachoanza na kukatika, kwenye yote mawili. Akasema, "Haya yametoka bunduki moja."

"Hapana," nikamwambia. "Haya ni ya baba yangu, na haya ni ya rafiki yake."

"Basi baba yako na rafiki yake wana bunduki moja," akasema, akamgeukia mteja mwingine.

Nilirudi nyumbani nikafyatua risasi za dukani kwa bunduki yangu, nikayabana maganda yake kwa kalibu ileile ya baba. Yametoka laini kama yai. Hakuna unywele.

Anko Athol hajawahi kuitumia bunduki ya baba. Kila mtu alikuwa na yake, wewe unajua, na mzee hakuwa mtu wa kuazimisha. Hayo maganda aliyonitumia yalikuja na masizi mapya. Bunduki iliyozama mtoni haifyatui risasi Murchison.

Bunduki ya baba iko wapi? Usiniambie habari za mto.

Elspeth


Invercargill, 2 Aprili 1981

Eppie dada yangu,

Nimeikalia barua yako tangu juzi. Wifi yako Doreen anasema nikuambie yote, basi.

Haikuwa bandani. Mto uliondoka na mashine ya kukatia majani, rangi na makopo, lakini bunduki haikuwamo.

Ilikuwa hospitali, wiki ile ya mwisho, wewe uko kazini na basi lako. Baba alimwita Athol. Mimi nilikuwa dirishani namenya chungwa ambalo hakuna aliyelitaka. Baba akasema, "Bunduki chukua wewe." Mimi nikauliza, "Na Eppie?" Nakuapia niliuliza. Baba akavuta pumzi, akasema, "Eppie amenibebea nyama vizuri. Hajalalamika hata siku moja. Lakini ile ni bunduki ya mwanamume. Nikimwachia, atajihesabu mwindaji, hatatoka kule msituni, atazeeka na mbwa." Halafu akasema usiambiwe, maana utalia, na yeye hataki ulie.

Athol alikuwa anaitazama kofia yake. Jioni akapita nyumbani kwangu akaichukua.

Ukawa unaniuliza kila siku, bunduki iko wapi, na mimi nakuambia iko bandani kwangu, nitakuletea. Kisha mto ukapanda. Nilikuwa nimesimama kwenye matope, nimechoka, wewe ukanipigia simu, cha kwanza unaniuliza bunduki, si kama mimi ni mzima. Nikasema imekwenda na maji. Lilinitoka jepesi. Nilipomwambia Athol akasema, "Afadhali hivyo kuliko ajue alivyosema mzee." Sote wawili tulidhani tunakuhurumia.

Usimkasirikie marehemu, Eppie. Alikuwa mtu wa zama zake. Jumapili njoo, Doreen atachoma paja la kondoo.

Kaka yako,
Gavin


Murchison, 6 Aprili 1981

Mpendwa Eppie,

Gavin amenipigia simu. Sijui nianze wapi, na kazi yangu imekuwa kukuambia wewe uanzie wapi.

Bunduki inakuja kwa lori la mizigo. Bolti nimeitoa nikaipeleka posta peke yake, kama sheria inavyotaka, kwa hiyo huenda itatangulia. Ni yako. Ilitakiwa iwe yako siku ileile.

Lile jino kwenye mdomo wa chemba alilifanya baba yako mwenyewe, ganda lilipomkwamia msituni juu ya Lillburn na yeye akalichokonoa kwa bisibisi. Mimi nilikuwepo, nikamcheka. Nilipokutumia mfuko ule sikukumbuka. Niliona maganda, nikaona binti wa Duncan anataka kujifunza, nikafunga kamba. Barua yako ya mkwaruzo ilipofika ndipo nikakumbuka, nikakaa na kalamu muda mrefu. Neno kalibu uliliandika wewe mwenyewe, na mimi nikalidaka.

Pale hospitali ningeweza kusema, "Mpe mtoto wako, Duncan." Angenisikia, mimi alikuwa ananisikia. Sikusema kwa sababu niliitaka. Tangu tukiwa vijana niliitaka bunduki ile. Halafu jikoni kwenu siku ya mazishi, ukilia, ilikuwa chini ya blanketi kwenye gari langu nje ya mlango.

Mimi ni mzee, Eppie. Ichukue, tuyamalize.

Athol


Murchison, 21 Aprili 1981

Eppie,

Watu wa lori wanasema umeipokea na kutia sahihi. Bolti nayo bila shaka imefika. Sijapata hata neno moja. Gavin anasema hukwenda Jumapili, wala iliyofuata, na simu hupokei. Niandikie hata kama ni kunitukana.

Athol


Tuatapere, 27 Aprili 1981

Bwana Athol Reidpath,

Bolti ilitangulia, kama ulivyosema. Nilikaa nayo kwenye mfuko wa koti siku zote za kusubiri, naendesha basi nayo, na watoto wakiniuliza kwa nini sisemi.

Bunduki ilipokuja niliiunga. Nilichukua ganda moja la baba kwenye kopo nikaliingiza. Likaingia mpaka mwisho na bolti ikafunga bila nguvu, kama mlango wa nyumba ya mtu. Nilikaa nayo mapajani. Ina harufu ya mafuta yako sasa. Kisha nikaifungua tena. Ijumaa imeondoka na lori kurudi kwako, pamoja na kopo la kakao, maana maganda yale hayana kazi kwingine. Bolti nimeipeleka posta. Kalibu mpya nayo inarudi kwenye kasha lake, sikuikata kamba. Usirudishe chochote, nitakikataa mlangoni.

Wakati unasubiri jibu nilikuwa Hauroko. Nilikwenda na bunduki yangu na risasi nilizojaza mwenyewe, maganda ya dukani niliyoyafyatua na kuyabana mimi, baruti kwa kitabu, neno kwa neno, kama ulivyoniagiza. Bi. Stirrat alizikagua zote kabla sijaondoka. Nilimsikia dume akinguruma upande wa pili wa kijito asubuhi ya pili, na nikampata kwa risasi moja. Nilimbeba kwa safari mbili. Sikuwa na mtu wa kumbebea, nilijibebea.

Sasa nikuambie lililobaki. Bunduki ilikuwa ya baba. Alikuwa na haki ya kumpa amtakaye, na maneno aliyoyasema ni yangu kugombana naye, ingawa hajibu. Gavin ni mwoga, nimemjua hivyo tangu tuko wadogo, siku moja nitakwenda kula kondoo wake. Na kuitaka bunduki nzuri, mtu yeyote anaweza kuitaka. Hata jikoni, na blanketi lako kwenye gari, ningejaribu kukuelewa.

Lakini nilikuandikia kwamba naiogopa mikono yangu. Nilikuandikia wewe peke yako, sikumwambia mtu mwingine. Nilichemsha chuma safi kwenye sufuria, nikamtukana fundi asiye na kosa, nikakaa kwenye meza ya baba, naamini kwamba labda mzee alikuwa na haki ya kunifukuza pale. Wewe ulikuwa unajua. Ulijua ukaniandikia nina mikono ya usukani, nioshe kwa mafuta ya taa. Baba alisema mimi si mwindaji mara moja, kitandani, anakufa. Wewe ulikuwa unataka nilisadiki hilo mwenyewe, kwa mikono yangu mwenyewe, ili tu usikamatwe.

Murray nimemwomba radhi. Amenisamehe kwa chupa ya bia na hadithi ile ya jino, anaisimulia kila mahali.

Usiniandikie tena, na wakati wa baridi usije.

Mchonga mawe wa Riverton alinipigia simu juzi kuhusu jiwe la baba. Mwaka jana nilimpa maneno marefu ya kuchonga, habari za msitu, na baba na mwenzake wa msituni. Alitaka kujua kama bado nayataka, kwa sababu anaanza kazi wiki hii. Nimemwambia aandike jina na miaka.

Elspeth McCrostie